Bibi Anayetafuta Mbuzi

Kama hujawahi kucheza ule mchezo wa bibi anayetafuta mbuzi wake, utafute uucheze. Namwambia hivyo kila anayeingia katika chumba changu cha gemu hapa Malaba, mpakani, na wengi hudhani natafuta njia ya kuwaweka kwenye benchi langu mchana kutwa. Waache wadhani. Mimi nina sababu yangu, na sababu hiyo inaitwa Mugeni.

Nianze na mchezo wenyewe. Uliletwa mwaka wa tisini na tano na Ochuodho, dereva wa trela ambaye hadi leo hupita hapa akielekea Kampala. Alinunua Mombasa mashine ya gemu iliyokwisha kutumika, pamoja na kaseti sita zilizofungwa kwa raba, akaniuzia zote kwa sababu nilikuwa na chumba cha mabati karibu na foleni ya malori, na nilikuwa na televisheni. Madereva husubiri makaratasi ya forodha siku mbili, siku tatu, na mtu anayesubiri hutaka kushika kitu mkononi. Kaseti moja ilikuwa ya mpira, moja ya ngumi, moja ya magari, mbili hazikuwaka kabisa. Ya sita ilikuwa na picha ya bibi mnene mwenye kikapu, na maandishi yote ya Kijapani.

Hakuna aliyeitaka. Ukiiwasha, bibi anaamka jikoni kwake, anakuta kamba imekatika na mbuzi hayupo. Anachukua kikapu na kuanza kutembea. Hakuna bao, hakuna mbio. Njiani anazuiwa na vitu vya ajabu: mwavuli wenye hasira, buli la chai lenye miguu ya kuku, polisi ambaye kichwa chake ni kabichi. Ukizuiwa, alama nne zinatokea chini ya kioo, na unachagua moja. Madereva walijaribu dakika tano wakaomba warudishiwe mpira.

Mimi niliucheza asubuhi, kabla wateja hawajaja. Sijui Kijapani hata neno moja. Nilichukua daftari langu la zamani la kidato cha pili, kidato nilichoishia, na kwenye kurasa zilizobaki nikawa nachora kila alama na kuandika pembeni inafanya nini. Hii ni kupiga. Hii ni kukimbia. Hii ni kufungua kikapu. Hii ya nne bibi anainamisha kichwa, adui hafanywi chochote, wewe unaendelea kupigwa. Sina haja nayo. Nikachora ramani za miji, nikaandika duka gani lina mwiko mzito wa kupigia na kisima gani kinarudisha nguvu. Kaseti ile ina betri ndani, kwa hiyo hata umeme ukipotea, na Malaba hupotea sana, bibi wako anakusubiri pale pale ulipomwacha.

Nilipiga kila kilichonizuia. Miezi minane nilimpitisha yule bibi milimani na vijijini akitembeza mwiko, hadi nikafika mji wa mwisho, ambao una lango. Ng'ambo ya lango mbuzi anaonekana kabisa, amesimama anatafuna. Mlinzi akanyoosha mkono, muziki ukanyamaza, na kutoka pembeni ya kioo wakaanza kuingia mmoja mmoja. Mwavuli ukaja, umevunjika mbavu. Kabichi akaja bila kofia. Wote niliowapiga tangu siku ya kwanza. La mwisho kabisa likaja lile buli la chai, mdomo wake bado umefungwa bendeji. Mlinzi akawageukia. Kila mmoja akatikisa kichwa. Bibi akarudishwa jikoni kwake na kikapu kitupu, na miezi minane ikafutika.

Nilirusha kandambili ikagonga ukuta. Katika daftari nilikuwa nimeandika "Lango. Hapa wote wanakuja," na sikuongeza neno. Nilifunga chumba siku mbili. Lakini lile buli halikunitoka kichwani. Nilijiona mbaya, nawaambieni kweli, mbele ya buli la kuchorwa. Nimeona gemu nyingi kutoka siku ile, na katika zote, ukimpiga mtu amekwisha, unapewa pointi na kusonga mbele. Huu peke yake ndio uliyempiga anakukumbuka.

Siku ya tatu nikaanza upya, na nikaijaribu alama ya nne. Bibi akainamisha kichwa mbele ya mwavuli, mwavuli ukampiga. Akainama tena, akapigwa tena. Mara ya tatu mwavuli ukasimama, ukajifunga wenyewe, ukakaa kando ya njia. Ndipo nikaelewa. Ilikuwa salamu. Bibi alikuwa anasalimia namna wanavyosalimia kwetu Adungosi, ambako huwezi kumpita mtu kwa neno moja. Unauliza habari yake, halafu ya watoto, halafu ya ng'ombe, na mpaka ufike kwa ng'ombe hata aliyekuwa na kinyongo ameshaanza kukujibu. Nilicheka peke yangu chumbani. Nikaanza daftari la pili, na hilo nililiweka kwa mama, Adungosi, kwa sababu nilikuwa nacheza asubuhi na kuandika nikirudi nyumbani.

Sasa Mugeni. Mugeni alikuwa ajenti wa forodha, kijana msafi wa Matayos mwenye bahasha ya makaratasi kwapani. Kazi yake ilikuwa kukimbiza stakabadhi za malori dirisha hadi dirisha, na kati ya dirisha moja na jingine alikuja kukaa kwenye benchi langu. Ni yeye peke yake aliyewahi kuniuliza bibi anakwenda wapi. Nikamwonyesha. Akawa analeta mandazi, mimi natengeneza chai, tunacheza, yeye akipiga kwa mwiko kama nilivyoanza mimi. Nilimpenda? Nilimzoea, na kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa jambo kubwa. Alipoomba lile daftari la kwanza kwa siku moja tu, akalitoe kopi Busia, nilimpa kwa mikono miwili. Habari ya lango na ya alama ya nne sikumwambia. Nilitaka afike mwenyewe ashangae, kama nilivyoshangaa mimi.

Siku moja ikawa wiki. Wiki ya tatu nikasikia kuna jumba jipya la gemu upande wa pili wa barabara, televisheni tatu, viti vya plastiki, bawabu mlangoni. Juu yake kibao: MUGENI MTAALAMU WA MBUZI. Alikuwa ameagiza kaseti yake kupitia madereva wa Mombasa, na ameketi mbele ya watu akiwafundisha alama kutoka kwenye daftari langu. Jalada alilibandika karatasi ya kalenda ili jina langu lisionekane. Wateja wangu wote walikuwa mle ndani.

Nikavuka barabara. Sikwenda kwa fujo. Nilisimama mlangoni nikamsalimia, habari ya siku nyingi, habari ya kazi, kama mtu aliyelelewa. Mugeni aliinua macho, akanitazama, akawageukia wale watu.

"Huyu mama ni nani?" akauliza. "Kuna mtu anamjua?"

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na hakuna aliyewahi kuniita mama. Nikarudia salamu, nikidhani hakuniona vizuri kwa sababu ya giza la ndani. Hakuitika. Bawabu akanishika mkono juu ya kiwiko akanitoa, nikajikwaa kwenye ngazi, nikaangukia magoti kwenye tope la barabara mbele ya foleni nzima ya malori. Kutoka ndani nilimsikia akiwaambia watu kwamba kuna wanawake wa vijijini wanaozunguka wakisema mchezo ni wao, na hata Kijapani hawajui. Kana kwamba yeye anakijua.

Kuibiwa daftari ningeweza kulimeza. Kupokonywa wateja pia, biashara ndiyo hiyo. Lakini kusalimiwa mara mbili na mtu ambaye umekunywa chai yake mwaka mzima, usiitike, hilo kwetu huwezi kumfanyia hata mwizi wa kuku. Niliosha magoti yangu kwenye karai na nikaapa, na nilipoapa nilikuwa na njia tayari kichwani. Maana nilijua daftari lile linaishia wapi.

Nikanyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ninayojivunia zaidi. Miezi mitatu niliuza peremende na kuwachezesha mpira wale wachache waliobaki, huku nikisikia kutoka ng'ambo shangwe za watu kila Mugeni alipomchapa mwavuli. Alikuwa akipiga kila kitu. Nilisikia amempiga hata mtoto wa samaki katika mji wa tatu, ambaye hakuzuii njia hata kidogo. Mimi mwenyewe katika ujinga wangu wa kwanza nilimwacha yule. Niliposikia hivyo nilikula vizuri siku hiyo.

Mwaka huo, tisini na saba, ndio mvua za El Nino zilipokata barabara, na malori yakajaa Malaba hadi mtu hapiti. Madereva mia na kitu, wote hawana la kufanya, wote wanaongea habari za Mbuzi. Mwanzoni mwa Desemba Ochuodho akaja kwangu na viatu vimejaa tope.

"Amoding, huyo jamaa anasema atamaliza Mbuzi Jamhuri Dei, watu wote wakiona," akasema. "Amesema ata wewe uitwe, ukuje uone vile gemu huisha."

Nikamtuma na jibu. Mugeni akimaliza, nitafunga chumba changu siku hiyo hiyo na kurudi Adungosi kulima mihogo, na Malaba haitaniona tena. Asipomaliza, atang'oa kile kibao, atabandua karatasi ya kalenda mbele ya watu, na kusoma jina lililo chini yake. Ochuodho aliniuliza mara mbili kama nina akili timamu, kwa sababu kila mtu alijua Mugeni amebakiza mji mmoja. Nilimwambia afikishe maneno yangu kama yalivyo. Akarudi baada ya robo saa. Mugeni alikuwa amekubali, na amecheka mpaka akakohoa.

Jamhuri ikafika, tarehe kumi na mbili. Mvua ilipumzika kidogo mchana ule. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikavuka barabara, na safari hii bawabu alinipisha. Nilikwenda nikakaa kiti cha mbele kabisa, magoti yangu karibu yaguse meza ya televisheni. Mugeni hakunisalimia. Sikutarajia, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi, kwa sababu kama angefungua mdomo akasema tu "habari yako," huenda ningelainika nikamwambia azime ile mashine.

Alicheza saa mbili. Alicheza vizuri, sitamnyima hilo. Alimpitisha bibi mji wa mwisho akichapa kulia na kushoto, daftari langu wazi pajani pake, na kila adui akianguka jumba zima lilinguruma. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma, akageuka akawatangazia watu kwamba limebaki lango tu.

Mlinzi akanyoosha mkono. Muziki ukanyamaza.

Ulipoingia mwavuli na mbavu zake zilizovunjika, watu walicheka. Alipoingia kabichi wakacheka zaidi. Waliendelea kuingia, kumi, ishirini, na kicheko kikapungua, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa ameshangilia siku kila mmoja wao alipopigwa. Mtoto wa samaki aliingia akitembea kwa fimbo. Buli likaja la mwisho na bendeji yake. Mlinzi akawageukia, na vichwa vikaanza kutikisika, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mchezo ule unavyopenda kufanya. Mugeni alikuwa anabonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Bibi akaamka jikoni na kikapu kitupu.

"Buli limekataa," dereva mmoja akasema kutoka nyuma, na hapo ndipo jumba lilipopasuka. Walicheka mpaka viti vya plastiki vikaanguka. Wengi wao Mugeni alikuwa amewacheleweshea makaratasi mara moja au mbili, na walicheka kwa ajili ya hayo pia.

Mugeni hakuwatazama. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tope, Septemba, niliona kwamba ananijua.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua."

"Si ungeniambia tu, Amoding?"

"Ungeniitikia, ningekuambia."

Akabandua karatasi ya kalenda. Gundi ilikuwa imeshika, ikatoka vipande vipande, na mimi sikumharakisha. Akasoma kwa sauti: Amoding, kidato cha pili, somo la historia. Nikamwambia hawajasikia nyuma. Akasoma tena. Nikachukua daftari langu, nikasimama kwenye zile ngazi nilizojikwaa, na nikangoja hapo mpaka kibao kikashuka. Sijawahi kuonja kitu kitamu kuliko dakika zile. Watu wa kanisa letu husema kisasi huacha uchungu mdomoni. Pengine wao hawakukifanya sawasawa.

Jumba lake lilikufa kabla Januari haijaisha. Mtu akishachekwa na madereva, habari zake hufika Mombasa na Kigali wiki hiyo hiyo. Akauza televisheni, akarudi kwenye bahasha yake na madirisha yake, na mimi nikapata wateja hadi nikaongeza benchi. Ningeweza kuishia hapo, na hadithi ingekuwa nzuri.

Lakini mwezi wa Februari, saa nane mchana, Mugeni aliingia chumbani kwangu. Aliweka hela ya saa moja mezani kama mteja yeyote, akaketi, akanionyesha kwa kidole kaseti ya bibi. Nilifikiria kumshika mkono nimtoe, kama nilivyotolewa mimi. Kisha nikafikiria kwamba atapiga tena, atafika tena, atakataliwa tena, na safari hii ndani ya nyumba yangu. Nikaiwasha.

Akaja kesho yake, na kesho kutwa, saa nane kila siku. Hakuwa na daftari. La kwanza nililifungia sandukuni, na la pili hakujua kama lipo. Wiki tatu nzima alikwama kwa mwavuli, hataki kuupiga na hajui afanye nini, anajaribu kukimbia, anafungua kikapu, anauonyesha mwavuli vitunguu. Jibu nililijua na nilikuwa nimekaa hatua moja nyuma yake nikichambua maharage. Sikumwambia. Siku aliyoinamisha kichwa mara tatu na mwavuli ukajifunga, mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua gunia. Nilimchukia kwa kulipata peke yake.

Miezi mitano. Alimsalimia kila mmoja. Alimsalimia mtoto wa samaki, ambaye hakuzuii njia, na ikawa kwamba mtoto huyo akisalimiwa anakupa kengele ya shingoni ya mbuzi. Hilo hata mimi sikulijua. Usiku ule niliandika katika daftari la pili, na nilikasirika nikiandika. Mchezo ule una vitu vya namna hiyo vimefichwa kila mahali, na hutavipata ukiwa na haraka. Ndiyo maana nawaambia watu waucheze.

Mwishoni mwa Julai alifika langoni. Chumba kilijaa, Ochuodho alikuwepo, trela lake liko nambari arobaini kwenye foleni. Mashine ile, ukibonyeza swichi ya kuanza upya, inafuta kila kitu, na swichi hiyo ilikuwa karibu na mkono wangu. Nilikuwa nimelipanga jambo hilo tangu Aprili, nikilala nalo, nikiamka nalo. Kidole kilikuwa tayari. Lakini wakaanza kuingia, mwavuli mzima, kabichi na kofia yake, na nikataka kuona. Buli likaingia bila bendeji. Mlinzi akawageukia, nao wote wakaitikia kwa kichwa. Lango likafunguka. Bibi akavuka, akamkuta mbuzi wake anatafuna nguo za watu zilizoanikwa kambani, akamfunga kengele, na maandishi ya Kijapani yakaanza kupanda ambayo hakuna mmoja wetu atakayejua yanasema nini. Mugeni alicheka, kisha akalia, na hakujificha.

Halafu akaweka kile kidude cha kubonyezea mezani na kunigeukia.

"Amoding, habari yako," akasema.

Nikaendelea kuchambua maharage.

"Habari ya mama? Mguu wake ulipona?"

Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kumwambia habari ya mguu wa mama. Maharage yaliniponyoka.

"Na ng'ombe wenu kule Adungosi," akasema kwa sauti ndogo, "wako wazima?"

Salamu tatu, kama inavyotakiwa. Watu wote wakanigeukia kuona nitafanya nini. Ochuodho alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikamtazama Mugeni usoni, na nikaona anamaanisha kila neno, naapa nililiona hilo, na magoti yangu yakakumbuka lile tope.

Nikatikisa kichwa, taratibu, kushoto na kulia. Kisha nikamwambia saa yake imekwisha, nikamwita anayefuata.